Jaketi la mtoto wa baiskeli: Uzito si kinga ya baridi

Juni ikifika, sisi watu wa Makambako hatuulizani tena habari za mvua. Mvua zimeshakatika, mahindi yanavunwa, vumbi jekundu limeanza kuinuka barabarani na upepo unapiga kuanzia alfajiri. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake si wa mzaha. Pamoja na Singida, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyopimwa upepo kwa ajili ya kuzalisha umeme. Alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna siku hushuka zaidi ya hapo.

Hii ni baridi kavu. Hakuna matope ya kunasa tairi wala mvua ya kulowanisha madaftari. Ndiyo maana watoto wengi wanaosoma mbali huutumia msimu huu kwenda shule kwa baiskeli. Barabara ni nzuri kuliko wakati wowote wa mwaka, lakini mwili ndio unaoteseka. Kila mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo hujiuliza swali lilelile: nimvalishe nini, na kwa fedha ipi?

Nyumbani kwetu swali hilo mwaka huu lilibeba jambo kubwa kuliko nguo.

Elfu thelathini na chumba cha kupanga

Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha tatu. Shule iko kilomita 7 kutoka nyumbani na anakwenda kwa baiskeli, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki. Ana pumu tangu akiwa darasa la pili. Mwaka jana, kati ya Juni na Agosti, alikosa shule siku 11 kwa sababu ya kubanwa kifua. Naijua idadi hiyo kwa sababu mama huweka alama ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani kila mtoto anapobaki nyumbani.

Mwaka huu, Mei ilipokuwa inaisha, mama alisema kama baridi itamshinda mtoto tena, atampangia chumba karibu na shule.

Wazazi wa vijijini mnaijua habari hii. Vijana wenyewe huita geto. Mtoto wa miaka 16 anapika mwenyewe, anafua mwenyewe na anajipangia muda wa kulala. Hakuna wa kumuuliza umerudi saa ngapi, na kwa mwenye pumu kuna jingine linalotisha zaidi: hakuna wa kumsikia akikohoa saa nane za usiku. Mama hakulipenda wazo lake mwenyewe. Alilisema kwa sababu hakuona njia nyingine.

Chumba alichoulizia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Kabla ya kufika huko, mama alitenga shilingi 30,000 za kujaribu jaketi. Akanipigia simu Iringa, ninakofanya kazi.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeandika mambo ya afya. Njoo Jumamosi tumtafutie mdogo wako jaketi zito. Nasema zito kweli, si la kubabaisha."

Kilomita 7, kipande kwa kipande

Nilipofika sikuanza na jaketi. Nilimkalisha mdogo wangu jikoni nikamwomba anieleze safari yake kuanzia mlangoni hadi darasani, kama ninavyowauliza wagonjwa ninaowahoji.

Anaondoka saa 12 na robo, jua halijachomoza. Dakika kumi za mwanzo ni tambarare na upepo unampiga usoni. Kisha kuna kilima kirefu. Hapo hushuka kwenye baiskeli mara moja moja, lakini mara nyingi hukanyaga hadi juu kwa sababu hataki wenzake wamcheke. Baada ya kilima kuna mteremko hadi mtoni, halafu tambarare tena hadi getini.

"Dada, naanza na baridi, kilimani naoga jasho, mteremkoni natetemeka. Kifua kinabana pale mteremkoni."

Mwaka jana alikuwa na jaketi zito, lenye pamba ndani, aliloletewa na mjomba. Zipu yake ilikuwa inakwama, kwa hiyo akishaifunga nyumbani haifunguki hadi afike. Shuleni majaketi hayaruhusiwi darasani, ni sweta la shule tu. Basi getini anavua jaketi, analikunja linakuwa kama mto wa kulalia, halienei kwenye begi, anaingia darasani na shati lililolowa mgongoni. Analikausha kwa joto la mwili wake mwenyewe hadi saa nne.

Mama alikuwa anasonga ugali, akanyamaza kidogo. Alikuwa akijua mtoto anarudi na baridi. Hakuwa akijua mtoto analowa.

Upepo nje, jasho ndani

Baridi ya kuendesha baiskeli si sawa na baridi ya kukaa. Mwili hupasha joto tabaka jembamba la hewa linalogusa ngozi, na tabaka hilo likitulia, tunahisi nafuu. Upepo ukija, unalifagia tabaka hilo na mwili unaanza upya. Mwendesha baiskeli huutengeneza upepo wake mwenyewe hata siku ambayo majani ya miti hayatikisiki.

Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, waliwahi kulipima jambo hili huko Antaktika kwa kuangalia jinsi maji yaliyo kwenye chombo cha plastiki yanavyowahi kuganda upepo ukiongezeka. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945. Hesabu ziliboreshwa, na tangu mwaka 2001 Marekani na Kanada zinatumia kanuni mpya. Kwa kanuni hiyo, kwenye nyuzi joto 5, upepo wa kilomita 20 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ihisi kama nyuzi 1. Mteremkoni, baiskeli ikifika kilomita 30 kwa saa, ngozi huhisi nyuzi 0. Kipimajoto kwenye kibaraza cha nyumba bado kinaonyesha 5.

Upande wa pili ni jasho. Mtu anapokanyaga pedali, takriban robo tu ya nguvu anayotumia ndiyo inayosukuma baiskeli. Robo tatu zilizobaki zinageuka joto. Kwa hiyo kijana anayepanda kilima ni kama jiko linalotembea, na jaketi zito linalifunika jiko hilo. Jasho likilowanisha shati, hali inageuka, kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Shati lililolowa linaunyonya mwili joto lake, na upepo wa mteremkoni unaongezea.

Ndiyo maana jaketi linalomfaa mlinzi wa usiku halimfai mwanafunzi wa baiskeli. Mlinzi amekaa, mwili wake hautoi joto la ziada, anahitaji uzito. Mwanafunzi anatoa joto la kutosha. Anachohitaji ni kitu cha kuzuia upepo kifuani na mikononi, kinachoachia mvuke wa jasho utoke, na ambacho anaweza kukifungua na kukifunga akiwa njiani.

Kwa kuwa baridi yetu ni kavu, kuna fedha ya kuokoa hapa. Huna haja ya kulipia jaketi lisilopitisha maji. Koti la mvua la plastiki huzuia upepo vizuri kabisa, lakini huzuia na jasho pia, na mtoto atafika amelowa kama aliyenyeshewa.

Sokoni

Tulikwenda kwenye mitumba watatu: mama, mdogo wangu na mimi. Mama hakuchelewa. Alisimama mbele ya jaketi moja jeusi lililofura kama godoro, akalipima kwa mkono, uso ukachangamka.

"Mama, hilo hata Ulaya wanavaa kwenye barafu," muuzaji akasema. "Elfu 25, kwa sababu ni asubuhi."

Nililichukua, nikaweka kitambaa chake mdomoni na kiganja upande wa pili, nikapuliza. Pumzi ilipita kwenye mishono yote. Nililirudia mara mbili mahali tofauti.

"Dada, unalinunua au unalipuliza?" muuzaji akaniuliza, watu wakacheka.

Nikamweleza ninachotafuta: jepesi, linalozuia upepo mbele, zipu ndefu, likunjike liingie kwenye begi. Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai isiyo na maji ya moto. Kisha akaingiza mkono chini ya rundo la nguo za mazoezi akatoa vijaketi vitano vya nailoni. "Hivi msimu huu havitoki," akasema. "Watu wanaviona vyepesi. Chagua, elfu 8."

Cha kwanza kilipitisha pumzi kila mahali. Cha pili hakikupitisha hata kidogo, ila kilikuwa cha plastiki tupu, ukikivaa dakika mbili unahisi joto la kunata. Cha tatu kilikuwa sawa kifuani, lakini mdogo wangu aliponyoosha mikono mbele kana kwamba ameshika usukani, vifundo vya mikono vilibaki nje na mgongo ukafunuka hadi kiunoni.

Cha nne kilikuwa cha kijani kibichi. Kifuani na mabegani pumzi haikupita. Mgongoni, chini ya kipande kilichoshonwa kama kifuniko, kulikuwa na wavu wa kutoa mvuke. Kola ilisimama hadi chini ya kidevu. Zipu ilikwenda juu na chini kwa mkono mmoja. Mdogo wangu akachuchumaa, akanyoosha mikono, akageuka kushoto na kulia. Mgongo ulibaki umefunikwa.

Mama alikishika kwa vidole viwili. "Hili si jaketi. Hiki ni kitambaa. Mtoto atoke nyumbani mwezi wa sita na hiki? Majirani watasema nini?"

Swali la majirani si dogo, tusilicheke. Mzazi humwonyesha mtoto upendo kwa vitu vinavyoonekana, na jaketi zito linaonekana tangu mbali. Nilimwambia mama jaketi hili halitakaa peke yake. Ndani kutakuwa na sweta la shule, na sweta ndilo litakalofanya kazi ya kutunza joto. Hiki ni cha kulilinda sweta dhidi ya upepo. Sweta lililofumwa lina matundu, na bila kitu juu yake upepo unapita kama kwenye chujio.

"Basi tulijaribu," mama akasema. "Lakini akirudi ninamshika mgongo mwenyewe."

Tulilichukua kwa shilingi 7,000. Skafu ya kufuma ilikuwa 2,000 na glavu 3,000.

Unapokwenda kuchagua

Nimeombwa na wazazi kadhaa niandike tulivyochagua, kwa hiyo naeleza kwa mpangilio.

Mchukue mtoto mwenyewe. Jaketi la baiskeli halipimwi kwa kusimama wima mikono imeshuka. Anyooshe mikono mbele na kuinama kidogo. Mikono ya jaketi ifike kwenye vifundo, mgongo ushuke chini ya mkanda wa suruali. Lisiwe kubwa mno kwa hesabu ya "atalikulia", maana jaketi linalopepea huvuta upepo ndani na linaweza kunasa. Nafasi inayotosha ni ya sweta moja.

Puliza kitambaa kifuani, mabegani na kwenye mikono. Huko ndiko upepo unakopiga. Mgongoni na kwapani ni afadhali kipitishe hewa.

Jaribu zipu mara tano. Zipu ndiyo inayomwezesha mtoto kuongoza joto lake mwenyewe: anaifungua nusu akikaribia kilima, anaifunga hadi kidevuni kabla ya mteremko. Jaketi zuri lenye zipu mbovu ni bora uliache, isipokuwa kama bei yake pamoja na ya kubadilisha zipu kwa fundi bado iko ndani ya bajeti yako.

Angalia mipira ya mikononi na kiunoni. Ikiwa imelegea, upepo utaingia hapo. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi cherehani.

Likunje. Kama shule hairuhusu majaketi darasani, liwe la kuenea kwenye begi pamoja na madaftari.

Rangi iwe ya kuonekana. Asubuhi za Juni kwetu jua huchomoza karibu saa moja, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita katikati ya mji wetu na malori yake. Nyeusi, kijivu na bluu nzito hupotea gizani.

Majaketi ya ngozi niliyapita bila kusimama. Ngozi halisi huzuia upepo, na dereva wa pikipiki ana sababu ya kuivaa kwa sababu humkinga pia akianguka. Kwa anayekanyaga pedali ni nzito na inafungia jasho. Ile ya bandia hubanduka magamba kabla ya msimu kwisha.

Mwisho, lifue kabla halijavaliwa. Nguo za mitumba hukaa muda mrefu kwenye belo na hutoka na vumbi, na vumbi ni adui wa mwenye pumu hata kama halionekani. Maji, sabuni, na kulikausha juani hadi likauke kabisa. Nailoni usiipige pasi ya moto.

Kwa fundi na kabatini

Fundi wetu wa jirani alibadilisha mipira ya mikono, akafunga kamba fupi kwenye kishikio cha zipu ili ishikike na glavu, na akashona utepe wa reflekta mgongoni na mikononi. Nilimlipa shilingi 3,000, utepe ukiwa wake. Jumla ikawa shilingi 15,000, nusu ya fedha ya mama.

Nguo ya ndani tuliipata bila kununua. Mdogo wangu ana jezi kuukuu ya Yanga. Kitambaa cha jezi za mpira hakinyonyi maji kama pamba na hukauka haraka, wakati fulana ya pamba ikilowa hukaa imelowa. Kwa hiyo safarini anavaa jezi ndani, shati la shule, sweta, kisha jaketi. Akifika anavua jezi chooni, anajifuta kwa kitambaa, anavaa fulana kavu aliyobeba kwenye mfuko wa nailoni. Dakika tatu tu. Kijana wa jirani ambaye ni wa Simba alipojua ni jezi gani inayofanya kazi hiyo alisema sasa anaelewa kwa nini ipo ndani, haionekani.

Glavu si anasa. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kubana breki, na mteremko ndiko breki inakohitajika.

Kwa binti anayevaa sketi, waulizeni walimu kama anaruhusiwa kuvaa suruali ya mazoezi chini yake njiani na kuivua akifika. Magoti yanayopigwa na upepo nusu saa kila asubuhi yanauma kweli.

Na kwa mzazi ambaye wiki hii hana hata shilingi 5,000, kuna njia ambayo haina gharama. Chukua karatasi mbili au tatu za gazeti, zikunje, mtoto aziweke kifuani kati ya shati na sweta. Gazeti huzuia upepo na hunyonya unyevu kidogo. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour de France wamefanya hivyo kwa miaka mingi: wakifika kileleni mwa mlima hupewa gazeti, hulisukuma kifuani, kisha wanateremka. Gazeti hili likishasomwa nyumbani, linaweza kufanya kazi hiyo Jumatatu.

Jaketi halitibu kifua

Hapa naandika kama mwandishi wa afya, na naomba tuelewane.

Wengi tumekuzwa tukiambiwa baridi ikiingia kifuani inaleta kichomi. Nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria na virusi, na wala si upepo wenyewe. Msimu wa baridi huwa na magonjwa mengi ya njia ya hewa kwa sababu, pamoja na mengine, tunajifungia ndani pamoja, madirisha yamefungwa, na tunaambukizana. Mtoto anayepumua haraka kuliko kawaida, au ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hahitaji sweta la pili. Anahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo.

Pumu ni habari nyingine. Hapa hewa ya baridi na kavu ina kosa la moja kwa moja. Mtu akitulia, hupumua kwa pua, na pua huipasha hewa joto na kuilowanisha kabla haijashuka. Akipanda kilima kwa baiskeli hupumua kwa mdomo, hewa nyingi, kavu na ya baridi, inakausha njia za hewa, nazo hujibana. Ndiyo maana skafu ya shilingi 2,000 huenda ikawa kifaa muhimu kuliko jaketi lenyewe. Ikifunika pua na mdomo bila kubana, hewa anayotoa huipasha skafu joto na unyevu, na hewa anayovuta hupita humo. Ncha zake ziingizwe ndani ya jaketi, zisining'inie karibu na gurudumu. Ifuliwe mara kwa mara, maana hushika vumbi la barabara.

Zile shilingi 15,000 zilizobaki, mama alizitumia kumpeleka mtoto kliniki kabla shule hazijachachamaa. Daktari alimwomba aonyeshe anavyotumia inhela. Alikuwa anabonyeza, anavuta haraka, anatoa pumzi palepale. Akafundishwa upya: toa pumzi kwanza, anza kuvuta polepole huku ukibonyeza, kisha shikilia pumzi kwa sekunde kama 10. Akaambiwa pia lini aitumie kabla ya kuondoka nyumbani. Hilo la lini si la kunakili kutoka gazetini. Kila mgonjwa ana maelekezo yake, muulizeni daktari wenu.

Inhela inakaa kwenye mfuko wa jaketi wenye zipu, ule wa kifuani. Begi likiwa mgongoni na kifua kimebana, huwezi kuanza kutafuta chini ya madaftari.

Kutoka nyumbani na baridi kidogo

Jambo lililomsumbua mama kuliko yote halikuhusu fedha. Nilimwambia mtoto anapotoka mlangoni anatakiwa kuhisi baridi kidogo. Akiondoka akiwa na joto la kutosha, baada ya dakika kumi atakuwa amezidi, na jasho litaanza kabla ya kilima.

"Nimtoe mtoto nje anatetemeka?"

"Hatetemeki, mama. Anahisi baridi kidogo tu."

Jumatatu ya kwanza alisimama mlangoni akimtazama hadi taa ya baiskeli ikapotea. Jioni mtoto aliporudi, kabla hajaegesha baiskeli, mama aliingiza mkono chini ya sweta hadi mgongoni. Kilikuwa kikavu, chenye joto. Hakusema neno, alikwenda kuongeza maji ya chai. Lakini jioni si asubuhi, jua la saa kumi si upepo wa saa 12. Kwa hiyo akamuagiza kila siku alete ile fulana na jezi nyumbani azione. Jezi ilikuja na unyevu, fulana ilikuja kavu.

Wiki tisa zimepita sasa. Kalenda ya ukutani ina alama tatu tangu Juni. Moja ni ya jino. Mbili ni za kifua, katika wiki moja ya Julai ambapo nyumba nzima ilikuwa na mafua. Siwezi kusema ni jaketi, skafu, au inhela inayotumiwa inavyopaswa. Nadhani ni vyote kwa pamoja, na mdogo wangu anasema kilichombadilishia safari ni zipu.

Mama hajalifuta wazo la chumba. Mwakani ni kidato cha nne, kuna masomo ya jioni, na giza la kurudi linamtia hofu kuliko baridi ya kwenda. Hilo tutalizungumza likifika. Kwa sasa mtoto analala nyumbani, na mama anasikia kila anapokohoa.

Mtoto wako akirudi leo, mshike mgongo. Kama umelowa, usimwongezee nguo. Mpunguzie moja ya ndani, kisha umtafutie kitu cha kuzuia upepo kwa nje.